Dakika Nne za Harusi

Kwa miaka mingi mama aliwaambia majirani zetu wa mtaa wa Kongo, pale Kawangware, kwamba kazi yangu ni ya kompyuta. Hakudanganya. Ninatunga muziki wa filamu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kukaa peke yako mbele ya skrini ukitengeneza sauti za vayolini ambazo hakuna aliyezipiga. Nimetungia filamu za mapenzi, za majambazi, hata moja ya mbwa.

Halafu mwongozaji mmoja akanipa tukio la harusi. Alitaka muziki wa kuchangamka, upigwe na okestra ya watu. Nikawaomba vijana wanaofanya mazoezi katika ukumbi wa kanisa, Kisumu Ndogo, Kibera. Siku ya kwanza nilienda na mama.

Walipiga kwa kasi, bila kukosea. Nikamgeukia mama nikitabasamu.

"Kwani hawa wanakimbia wapi?" akauliza.

"Ni harusi, mama. Watu wanafurahi."

"Mtu akifurahi hakuwangi na haraka hivyo."

Akasimama, mkoba bado begani, akatuonyesha jinsi watu walivyocheza siku alipoolewa kule magharibi mwa nchi: hatua fupi, mabega yakitangulia, kisha kutulia kidogo, kana kwamba mtu anangoja kuitwa. Msichana wa cello, ile vayolini kubwa, akaanza kuzifuata hatua zake kwa upinde. Mpiga ngoma akajiunga. Nikatoa kalamu, nikaanza kuuandika upya muziki wangu. Niliona aibu na furaha kwa pamoja, maana kule kutulia kidogo kulikosekana katika karibu kila kitu nilichowahi kuandika.

Wiki iliyofuata tulirekodi dakika nne. Mwongozaji akabakisha sekunde arobaini, tena chini ya mazungumzo ya waigizaji. Filamu ilipoonyeshwa mara ya kwanza, nilimwomba mama msamaha kabla taa hazijawashwa.

"Nyamaza," akaninong'oneza. "Nimeisikia."

Mimi sikuridhika upesi hivyo. Kwa miezi sikutaka hata kuifungua ile kazi. Lakini vijana walikuwa wameniomba karatasi za muziki, nami nikawaachia, na baadaye nikaalikwa kwenye harusi karibu na kituo cha matatu cha Kawangware 56. Okestra ilikuwa ile ile ya vijana wa Kibera. Walipiga dakika zote nne, na walipofika pale pa kutulia, bi harusi akasimama kweli, akacheka, ndipo akaendelea.

Mwanamke aliyekuwa kando yangu akaniuliza, "Huu muziki ni wa nani?"

"Ni wa hawa vijana," nikamjibu, nikaanza kucheza.