Jina Alilolikubali Mwanangu Lina Mwenyewe

Wapendwa wasomaji, mhariri wa ukurasa huu amekubali kunifichia jina langu, namshukuru, maana watu wa kwetu Butiama wanalisomaga gazeti hili hata likishafungiwa maandazi. Nina miaka ishirini na minne, nimeishia darasa la saba, naishi Makoko hapa Musoma na mume wangu, anauza mitumba. Tuna mtoto mmoja wa kike wa miaka mitano, anaitwa Aino. Nina mimba nyingine ya miezi saba, na ndiyo imenifanya niandike.

Huyo binti nilimzaa wakati ule wa shida, maduka matupu, hata kipande cha sabuni cha kumwogeshea mtoto tulikuwa tunagawana. Nilikuwa ukweni Butiama, nikajifungulia zahanati ya misheni. Nesi alikuwa mama wa Kizungu kutoka Finlandi, mtu mzima, Kiswahili anakijua ila anakisema polepole. Mtoto alizaliwa salama lakini akakataa ziwa. Analia tu mpaka sauti inakauka.

Kwetu mtoto akikataa ziwa anaitiwa majina. Unamweka kifuani, bibi yake anataja marehemu wa ukoo mmoja mmoja. Akinyonya, huyo aliyetajwa ndiye amerudi, na jina linakuwa lake. Mama mkwe alitaja. "Wewe ni Nyangeta? Basi nyonya." Wapi. "Ni Wakuru? Au ni wewe Nyabise, uliyekuwaga mkaidi tangu ukiwa hai?" Wanawake wodini wakacheka, mtoto akazidi kulia. Majina ya ukoo yakaisha.

Nesi alikuwa anakunja mashuka. Nikamwambia kwa kuchoka tu, "Sista, jaribu na ya kwenu." Akatabasamu, akaanza kuyataja na maana zake taratibu, kama anambembeleza mtoto. Rauha, ni amani. Taimi, ni mche mdogo. Lahja, ni zawadi. Ilma, ni hewa. Niliyapenda mno, sikujua kama na wao majina yao yanasema kitu. Halafu akaliweka shuka kando, akasema kwa sauti ya chini, "Aino. Maana yake, wa pekee."

Mtoto akashika ziwa.

Mama mkwe hakufurahi hata kidogo. Akauliza, "Huyo Aino ni nani? Kafia wapi?"

Nesi akamjibu bila kumtazama. "Si mtu, mama. Ni jina tu."

"Jina tu halinyonyi," akasema mama mkwe.

Tukambatiza hivyohivyo. Huku Makoko majirani wananitania, "Mama Aino, jina la mwanao kama dawa ya malaria, linamezwa mara ngapi kwa siku?" Nacheka nao. Nilikuwa naona nimepata jina zuri kuliko yote.

Baada yake mimba mbili zikatoka. Mama mkwe akaniambia uso kwa uso, "Umemwita wa pekee, haya, amebaki wa pekee." Tangu hapo nikaanza kumwangalia mwanangu kwa jicho lingine, Mungu anisamehe. Mchana kweupe anacheza na wenzake uani, ghafla anaitika "Abee!" na hakuna aliyemwita. Siku moja aliitika akasimama, ameelekea ziwani, ametulia kabisa.

"Nani amekuita, mwanangu?"

"Mama."

"Mama si mimi hapa?"

"Yule mwingine."

Nikamshika mkono, nikamwingiza ndani.

Juzi juzi tukasikia nesi anarudi kwao moja kwa moja. Nikampeleka mtoto akamuage. Alimshika mkono muda mrefu, akaniambia, "Siku ile nilikudanganya. Aino alikuwa mtoto wangu. Alizaliwa wakati wa theluji, hakuishi. Ardhi ilikuwa ngumu kama jiwe, kaburi lilichimbwa kwa shida. Sijawahi kumwita akaniitikia." Akaomba ruhusa amwite mwanangu, mara moja tu. Ningemkatalia vipi? Akaenda ng'ambo ya uwanja wa zahanati, akaita, "Aino!"

Mwanangu alikuwa ameninyima mkono siku nzima kwa kununa. Akaitika, "Abee mama!" akamkimbilia na kumkumbatia miguu. Najua, mtoto wa kwetu kila mwanamke mtu mzima anamwita mama. Najua. Lakini niliisikia ile sauti, sijawahi kuitikiwa hivyo mimi.

Sijamwambia mtu. Sasa mama mkwe ameamua, mtama ukishavunwa tunaenda Butiama, pombe itapikwa, jina la Aino litaondolewa na mtoto ataitwa Nyangeta. Mume wangu ananibembeleza. "Mama Aino, huyu wa tumboni naye tunataka akae. Utapungukiwa nini?" Na huyu wa tumboni anacheza sana, jamani, anacheza kuliko wale wawili waliotangulia. Ninatamani mno kumwona.

Jana nilijaribu. Nikaita kutoka jikoni, "Nyangeta!" Mwanangu hakugeuka. Mwenzake akamgusa bega, "Si unaitwa wewe?" Akajibu huku anaendelea kuchora mchangani, "Siyo mimi. Huyo hayuko hapa."

Ndugu zangu mliozaa na mliozika, nisaidieni mawazo. Nikinyamaza, jina likatolewa, yule mtoto aliyetoka kote huko akaona ziwa langu ndilo lake, ataenda wapi? Ataondoka peke yake, au ataondoka na mwanangu? Nikimweleza mama mkwe kwamba lina mwenyewe, atasema nimeingiza mgeni kwenye ukoo wake, au labda atakubali huyo mwenye jina asalimiwe kama wafu wengine, tukae naye? Mimi nawataka wote, huyu wa uani na huyu wa tumboni. Niambieni kabla mtama haujavunwa: nimwiteje mwanangu?