Kinundu kwenye mchoro: nilivyomharibia binti yangu kazi

Wakuu, salaam aleikum.

Mimi ni mzee wa Bulla Pesa, niliishia kidato cha nne. Haya ni yangu mwenyewe, sijatia chumvi.

Binti yangu Kabale yuko Ulaya. Kazi yake na wenzake wa maabara ni kugonganisha chembe kwa kasi ya ajabu, wakitafuta chembe mpya, nzito kuliko zote zinazojulikana.

Yenyewe hawaioni. Ikizaliwa inavunjika papo hapo, wao wanasoma vipande tu. Aliponieleza nilielewa haraka, maana ujanani nimefuata nyayo za ngamia waliopotea hadi Rapsu.

Siku moja baada ya adhuhuri akanitumia mchoro. Mstari unashuka vizuri, halafu katikati kuna kinundu kidogo.

"Aba, inaweza kuwa yenyewe, ama ni bahati tu. Data bado ni kidogo. Mchoro huu hauruhusiwi kutoka nje. Nimekuonyesha wewe pekee."

Nikasema sawa.

Wakuu, hata chai sikumaliza. Nikautuma kwa group ya ukoo: "Kabale amepata!" Alasiri nikachinja mbuzi. Jirani yangu Guyo akanichokoza, "Mzee, hiyo chembe ni ya kuchemsha ama ya kuchoma?" Tulicheka mpaka machozi.

Mchoro ukatembea group hadi group. Mtu mwingine wa ukoo aliye ng'ambo akauweka hadharani mtandaoni, na wakubwa wa Kabale wakauona.

Walimtoa kwenye utafutaji huo. Alipoulizwa nani ameutoa nje, alisema ni yeye, alizembea.

Mimi hakunitaja.

Miezi baadaye data zikaongezeka, na kinundu kikapotea kabisa. Hakukuwa na kitu pale.

Kwa ngamia nisingefanya hivyo. Unyayo ni unyayo tu, hutangazi mpaka uone alama ya ukoo kwa ngozi yake. Hilo nililijua tangu utoto. Kwa mtoto wangu nikalisahau.

Nimeomba msamaha. "Yameisha, Aba," anasema. Bado anapiga kila Ijumaa. Nikimuuliza kuhusu kazi, ananiuliza kama mvua imenyesha.

Nilichojifunza nimekijua nikiwa nimechelewa. Nilidhani habari kubwa ni ile chembe. Habari kubwa ilikuwa kwamba kati ya watu wote alinichagua mimi kumwonyesha.

Kama kuna mzazi hapa aliyewahi kuaminiwa tena, aniambie alifanyaje. Wa kunilaumu pia aandike, nitasoma.

Mvua bado.