Neno Fyuzi na Mkono wa Mureithi

Aliyesababisha Mureithi, fundi wa majiko wa Karatina, apoteze mkono wake ni afisa wa wilaya aliyenipokonya kipaza sauti mbele ya umma. Naliweka hilo mwanzo kabisa, mwanangu, kwa sababu kumbukumbu za serikali zinasema fundi alijiumiza mwenyewe.

Siku yenyewe naikumbuka vizuri. Ilikuwa miaka ya sabini, nami nilikuwa mkalimani wa serikali mjini Nyeri, kijana wa tai na viatu vilivyong'arishwa. Jeshi la kigeni lilikuwa likifanya mazoezi kwenye nyanda za kaskazini mwa mlima, likirusha makombora ya masafa marefu ya kutungulia ndege. Moja likakosa shabaha na kuanguka malishoni bila kulipuka. Wanajeshi waliokota kiwiliwili chake, lakini vipande vingine havikuonekana. Ndipo baraza la kuwaonya wananchi likaitishwa huko huko, na sajini mmoja wa kigeni akaeleza kwa Kiingereza huku nikitafsiri.

Nataka uelewe alichosema, maana ndiyo kiini cha mambo. Kombora la aina hiyo si lazima liigonge ndege. Ndani yake mna kilipuzi kinachotuma mawimbi ya redio, na mawimbi hayo yakiifikia ndege hurudi kama mwangwi. Kadiri kombora linavyokaribia, mwangwi huzidi nguvu. Tena mlio wake hubadilika, kama honi ya lori inavyobadilika lori likikujia na kukupita barabarani. Kilipuzi husikiliza mabadiliko hayo. Kikitambua kuwa ndege iko karibu vya kutosha, huwasha baruti, na vyuma hutawanyika kwa kasi vikaichana ndege hewani. Kwa usalama wa warushaji, kilipuzi hubaki kimelala hadi kombora liwe limefika mbali. Likikosa ndege, linatakiwa lijilipue huko huko juu. Hili halikujilipua. Kilipuzi chake kilikuwa kimekwisha kuamka, kikaanguka na baruti yake, na hakuna aliyeweza kuapa kuwa kimelala tena.

Sasa, Waingereza hukiita kifaa hicho kwa neno lile lile tulilolichukua sisi tukalifanya fyuzi. Mimi nililikwepa kwa makusudi. Nilikuwa nikisema kilipuzi, na kwamba kilishindwa kufanya kazi lakini kingali hatari, afisa aliponiinamia.

"Karani, unachosha wazee. Waambie fyuzi imeungua, tumalize."

"Bwana Afisa, hapa fyuzi ni ile ya stima. Ikiungua, umeme hukatika na watu hushika waya kwa mikono."

"Kwani ni wewe utanifundisha Kiswahili? Leta hiyo kitu."

Akakichukua kipaza sauti. "Wananchi, fyuzi imeungua. Hakuna taabu tena."

Watu walicheka kwa kupata nafuu. Mmoja akasema kutoka nyuma, "Basi nunueni mbili, hata kwangu stima imepotea." Mureithi, aliyekuwa amekuja huko kununua mabati makuukuu, akauliza jirani yake, "Hiyo chuma ni ngumu? Mimi niko na kazi nayo. Inaweza kutoa jiko safi."

"Jiko la roketi? Itaruka na sufuria, wewe."

Wakacheka tena. Akiwa njiani kurudi, Mureithi aliokota kipande kwenye nyasi, akakipeleka kibandani kwake Karatina, akakiweka juu ya chuma cha kufulia na kukipiga nyundo. Kilikuwa kilipuzi chenyewe, kikalipuka. Mkono wake wa kuume, ule wa nyundo, ulikatika kifundoni.

Baraza la pili lilifanyika Karatina. Afisa akasoma kwa Kiingereza kwamba fundi alionywa vya kutosha, akaiba mali ya jeshi, na kwamba atashtakiwa na kibanda chake kufungwa. Kisha akaniashiria nitafsiri. Mureithi alikuwa ameketi mbele, mkono uliofungwa bandeji ukiwa kifuani, akiutazama mdomo wangu. Kiingereza hakukijua. Alichokuwa akingoja ni kusikia kutoka kwangu kama yeye ni mwizi.

Nikasema, "Afisa anasema Mureithi alionywa. Mimi nilikuwepo. Aliambiwa fyuzi imeungua, na aliyemwambia ni huyu hapa."

"Tafsiri nilichosema."

"Nimekitafsiri, Bwana Afisa. Kilichobaki ni ushahidi wangu."

Mzee Gichuhi, mwenyekiti wa wachuuzi, aliinuka polepole. "Ati fyuzi ilikuwa imeungua. Sasa huyu alichomwa na nini?"

Afisa alikunja karatasi zake akaingia garini. Mashtaka hayakufunguliwa na kibanda hakikufungwa. Mureithi alijifunza kukata mabati kwa mkono wa kushoto, akavifundisha kazi vizazi viwili vya mafundi. Mimi nilihamishiwa mbali na nyumbani, nikaenda na sanduku langu bila kuomba radhi, na leo ninapoishi mtaa wa Skuta, Nyeri, na pensheni yangu bado siombi.

Mwanangu, ukipewa kazi ya kuwasemea watu, lipime neno kwa sikio la anayelipokea. Jambo la hatari usilifupishe ili mkubwa wako apate kwenda kula. Na mkubwa akitaka mdomo wako ubebe uongo wake, mnyime, mbele ya watu, kwa sauti inayosikika. Cheo kitapita. Mungu akupe ulimi ulionyooka, akulindie mikono yako yote miwili, akujalie uzee usio na aibu.

Na kwa ofisi iliyorithi mafaili ya wilaya ile, nasema rasmi: futeni neno uzembe lililoandikwa dhidi ya Mureithi. Andikeni jina la afisa aliyewatangazia wananchi kwamba hakuna taabu, na mwiteni, kama angali hai, aje Karatina kujibu swali la Mzee Gichuhi mbele ya watoto wa fundi huyo. Nadai jibu la maandishi, lenye sahihi.