Kadi Mbili Katika Bahasha Moja

Harufu ya karanga zilizotwangwa, zikichemka pamoja na pilipili na unga wa mizizi ya porini, hunirudisha Panda, mjini Likasi, kwenye msimu wa mvua nilipokuwa na miaka tisa. Mama alipika kikanda kwenye mbabula yetu ya makaa, kikaiva kigumu kama mkate, akakikata vipande na kuwauzia wafanyakazi waliopita kwenda kiwandani. Upishi huo alitoka nao kwao Zambia. Baba, mtu wa Likasi, alimwoa kwa mahari, na majirani walikuwa wamesahau kwamba mama ni mgeni. Hata kadi ya uchaguzi alichukua, maana kwetu hiyo ndiyo kitambulisho, na siku ya kuandikishwa alipanga mstari na wanawake wenzake bila kufikiri zaidi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga. Lakini msimu ule wakubwa wa jimbo waliamuru wageni wasio na vibali watafutwe nyumba kwa nyumba.

Kwetu walifika asubuhi, wanaume wawili wenye daftari, wapole kabisa. Mama hakuacha kukoroga, kwa sababu kikanda kikiachwa hushika chini. Akanituma nilete kadi yake ya uchaguzi. Ilikuwa ndani ya bahasha, chini ya godoro, pamoja na kadi ya kijani ya uraia wake wa Zambia. Nilizitazama zote, picha ya mama kwenye kila moja, nikaona mwenye mbili ana haki zaidi kuliko mwenye moja. Nilikuwa mtoto wa majivuno. Nikaleta bahasha nzima, nikamkabidhi mkubwa wao kwa mikono miwili kama nilivyofunzwa.

Alizilinganisha, akaandika, kisha akamwambia mama achukue nguo. Mama alinipa mwiko.

“Haiko kosa yako, mutoto wangu,” alisema. “Angaria kikanda, isiungue.”

Nilikoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Baba aliporudi kutoka zamu yake kiwandani Shituru, alikuta makaa yamezimika na mimi bado nimeshika mwiko. Alihangaika na makaratasi kwa miezi, lakini ndoa yao haikuwa imeandikwa komine, ofisini kwa serikali ya mtaa, na mama alikuwa amekwisha kuvushwa mpaka. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilikuwa mpweke hata baba akiwa mezani, kwa sababu sikuthubutu kumwambia ni nani aliyeleta bahasha.

Leo ninaishi Kasumbalesa, mpakani, ili niwe karibu na mama. Asubuhi nyingine huchukua kibali cha siku moja, nikavuka hadi kwake Chililabombwe, upande wa Zambia, akanipikia kikanda. Zamani nilikuwa naye usiku na mchana, wala sikujua kwamba hilo linahitaji ruhusa. Mwaka jana nilimwambia hatimaye habari za kadi mbili. Akacheka kidogo, akasema aliiona bahasha mkononi mwangu tangu nilipotokea mlangoni, akashindwa kuniita nirudi, kwa jinsi nilivyokuwa nikitembea kwa fahari. Nililia mbele yake kama mtoto. Jua lilipoanza kushuka, yeye ndiye aliyenikumbusha niondoke, nisije nikakuta mpaka umefungwa.