Miwani ya Fundi

Jirani yangu wa Buyenzi, fundi wa magari, aligongwa na pikapu iliyokuwa ikikimbia kuwahi amri ya vita ya kutotoka nje usiku. Mguu ulivunjika vibaya. Tulisubiri nje ya chumba cha upasuaji mpaka daktari akatoka, joho lake limelowa damu.

"Damu haikatiki. Alikuwa na ugonjwa wa ini?"

Kaka mkubwa wa fundi akanyoosha kidole juu. "Dokteri, siye ni Waislamu. Kwetu pombe apana!"

"Mzee, mi sijauliza pombe, nauliza ini. Ini ndilo linasaidia damu kuganda, na linaharibika hata kwa mutu asiyekunywa."

Mke wa fundi akafungua mkoba, akatoa miwani ya jua, kioo kimoja kimepasuka.

"Macho yake ilikuwa manjano tangu Ramadhani," alisema polepole. "Tulimuvalisha hii. Tuliogopa watu watasema anakunywa."

Daktari aliitazama ile miwani. "Mungeniambia kabla ya kupasua, ningetafuta damu kwanza." Akarudi ndani mbio.

Katika vita hii tumefichana chini ya vitanda, tukapona. Huenda ndiyo maana tunadhani kila kinachofichwa hupona.

Kesho yake tulimzika. Makaburini wote tulishuhudia kwamba marehemu hakuonja pombe hata siku moja, na ni kweli kabisa. Wahenga walimwonya mficha maradhi. Sisi tunaomfichia walitusahau.