Sifuri za Zuweina

Kila miezi mitatu Bi Maisa wa Wawi huroweka mchele, akaoka mikate ya kumimina, akaita majirani baada ya alasiri. Husoma Yasini, wakala, wakaombeana dua. Sababu ya yote hayo ni kibeji cha plastiki, kidogo kama kiberiti, ambacho mwanawe Zuweina hukibandika kifuani akienda kazini hospitali. Kibeji hicho hupima mionzi iliyompata mtu. Hupelekwa bara kusomwa, majibu yakarudi kwenye karatasi. Ya Zuweina yalirudi sifuri. Yakarudi tena sifuri. Na Bi Maisa, aliyesikia kwamba mionzi humkausha mwanamke kizazi, akamshukuru Mola wake na kuroweka mchele mwingine.

Hakujua, masikini, anashukuru nini.

Zuweina alisomea tiba ya nyuklia miaka minne huko nje. Kazi yenyewe ni ya watu wachache: mgonjwa hudungwa dawa yenye mionzi kidogo, kisha kamera maalumu huonyesha ilikokwenda kukaa, kwenye mfupa, kwenye moyo, kwenye tezi ya shingo. Kabla ya kuondoka alitia saini kwamba atarudi kutumikia kisiwani miaka mitatu. Akarudi. Wallahi alirudi na viatu vipya vya kazi. Chumba alikikuta kimejengwa, kuta nene, mlango mzito wa kuzuia mionzi unaosukumwa kwa bega. Kamera ndiyo haikuwamo. Ilikuwa inakuja.

Mkuu wa idara, Mzee Msellem, mpole wa kukera, akamweka dirishani aandikishe wagonjwa wakati wakiisubiri kamera. Mwaka wa kwanza kamera inakuja. Mwaka wa pili inakuja. Nani asiyejua kupigwa kalenda? Ndani ya kile chumba wakatia vitanda vibovu na maboksi ya glavu. Lakini jina la Zuweina lilikuwa kwenye orodha ya watu wa mionzi, basi kibeji kikaja bila kukosa. Naye akikivaa kila asubuhi, kwa uchungu na kwa kiburi, maana ndicho pekee kilichomtofautisha na karani.

Miaka mitatu ilipotimia, ami yake Zahran, aliyeko Maskati, akamletea tangazo: hospitali ya huko inatafuta mtaalamu, kazi ileile. Zuweina akajaza fomu usiku uleule. Leseni yake ya kazi ilikuwa imebakiza miezi mitano kwisha, na nani atamwamini mtu na sindano ile akiwa hajaishika tangu chuoni? Hii ikimponyoka, basi tena.

Wakamhoji kwa simu. Alijibu vizuri, wakafurahi, wakaomba kitu kimoja tu: rekodi za mionzi yake ya kazini. Akazituma. Angefanyaje, azighushi? Siku ya pili akapigiwa na mama mmoja wa hospitali ile, Kiswahili chake cha hukuhuku.

"Mwanangu, karatasi kumi na mbili, zote sifuri. Mtu akiifanya kazi hii, hata awe mwangalifu vipi, hakosi kupata mionzi kidogo. Wewe hujaigusa."

Akamwambia ajaribu tena akishapata uzoefu. Uzoefu! Aupate wapi, dirishani?

Zuweina akaenda kwa Mzee Msellem kumweleza. Mzee akatikisa kichwa, akamhurumia kwa dhati, akasema asivunjike moyo, kamera inakuja. Kisha akamkabidhi karatasi mpya iliyofika asubuhi ile. Ya kumi na tatu. Zuweina hakuifungua.

Alirudi nyumbani amekwisha kuamua kumwambia mama yake ukweli wote. Akakuta viatu vya majirani vimejaa mlangoni. Bi Maisa alikuwa ameshapata habari kwamba karatasi imefika, akaipokea mkononi mwa mwanawe, akaifungua, akaibusu. Zuweina alitamani kulipindua sinia la mikate. Alikaa chini karibu na mlango.

Bi Maisa akainua mikono.

"Ya Rabbi, mwanangu muweke hivihivi. Mionzi isimguse maisha yake yote."

Wanawake wakaitikia kwa pamoja. Bi Maisa akageuka kumtazama mwanawe, macho yamemlowa kwa furaha, akamsubiri.

"Amin," akasema Zuweina, akapokea kipande chake cha mkate.