Kijipu cha Mzee wa Kibenga

Mama yangu alipovunjika nyonga, nilianza kuangalia magari ya watu. Kabla ya hapo sikuwahi kuyajali. Nilikuwa mwalimu wa jiografia, mwanamke aliyeipita arobaini, na leseni yangu niliipata kwa kuchelewa. Nilikuwa nimeitumia mara chache tu, asubuhi za Jumapili, kwa gari la shemeji yangu, mitaa ya Ngagara, hapa Bujumbura, ikiwa bado tupu. Sasa kila gari lililoegeshwa nililipita nikiinama kidogo, nikipima kwa macho tumbo lake liko juu ya ardhi kiasi gani.

Mama anaishi milimani, upande wa Mugamba, kwenye baridi. Kutoka lami hadi nyumbani kwake kuna njia ya udongo inayopanda na kushuka, na kila masika maji huikata mahali papya. Siku alipoanguka, majirani walimbeba mabegani kwa ingobyi, kile kitanda cha miti cha kubebea wagonjwa, mpaka barabarani. Alipasuliwa mjini, akapona vya kutosha kudai arudishwe kwake, na daktari akataka amwone kila mwezi. Taksi ya kwanza ilifika mpaka uani. Dereva alishuka, akalala chini kuangalia uvungu wa gari lake, akasema harudi tena. Wa pili alikataa kwa simu.

Basi sikutulia. Nilichora mito ubaoni huku kichwa changu kikipanda ile njia. Chakula kilinishinda nikiwa nimekaa. Nilikula nikizunguka jikoni na sahani mkononi. Nilitaka gari refu kwenda juu, fupi kwa mwili, linalovuta kwa magurudumu yote manne na lenye injini ndogo, maana esansi, yaani petroli, mjini ilikuwa kitu cha kuwinda. Kila niliyemweleza alinitajia gari lilelile: kijipu cha Kijapani ambacho kiwanda kiliacha kukitengeneza zamani kidogo. Na kila aliyenitajia alinionya hapohapo nisilinunue. Mwenzangu anayefundisha hesabu aliniambia, "Gari lisilotengenezwa tena, likikosa kitu kimoja limekosa vyote. Utazunguka Bwiza nzima ukitafuta mpira wa ukubwa wa kidole."

Bwiza ndiko alikokuwa fundi wangu, mtu wa Uvira aliyevuka mpaka miaka ya vita akafungua garaji ndogo nyuma ya baa. Alikuwa mtu wa maneno machache na ya taratibu, jambo ambalo kwa hali niliyokuwa nayo lilinikera. Yeye ndiye aliyenipigia simu.

"Dada, iko moja Kibenga. Ya muzee mumoja, ni yeye mwenyewe tu ndiye anaiendesha tangu zamani. Tuende tuione, lakini usionyeshe haraka."

Tulikwenda Jumamosi asubuhi. Mzee alitufungulia geti mwenyewe: mrefu, shati limepigwa pasi, miwani myeusi. Alikuwa mpima ardhi wa serikali kabla ya kustaafu. Alinipa mkono nikiwa bado mbali kidogo, nikasogea haraka kuupokea, nikidhani ni adabu ya watu wa zamani. Kijipu kilikuwa chini ya banda la mabati, rangi ya kijani iliyokoza, tairi la akiba limefungwa mlango wa nyuma, na juu ya dashibodi kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono.

"Mi sikuwahi kuigongesha," alisema kabla hatujauliza.

Fundi alivua shati, akaingia chini. Mimi nililizunguka gari. Nilifungua milango na kuifunga, nikainua zulia kutafuta kutu, nikanusa, nikabonyeza vitufe, kisha nikaanza upya. Mzee alisimama wima akisikiliza.

"Unaogopa piyesi," alisema, akimaanisha vipuri. "Kila mutu anaogopa. Kuja uone."

Alinipeleka kwenye chumba nyuma ya nyumba. Kutani kulikuwa na rafu, na kwenye rafu vipuri vya gari lile moja tu: pampu ya maji, taa mbili zimefungwa kwa magazeti, vioo, mikanda, mipira ya kila aina kwenye makopo ya maziwa ya unga. Aliposikia kwamba kiwanda kimeacha, alianza kukusanya. Kila aliyesafiri kwenda Kigali au Dar es Salaam alipewa orodha. Mzee hakuwasha taa. Alipitisha vidole kwenye rafu na kuninyooshea kimoja kimoja akikitaja jina, na hakukosea hata mara moja. Nilivutiwa sana. Nilidhani naona mapenzi ya mtu kwa gari lake, na mapenzi kweli yalikuwepo.

Tuliporudi bandani, fundi alikuwa amekaa chini anajipangusa mikono. Aliniita pembeni.

"Injini iko muzuri, dada. Buate ya gia, sanduku yake, pia. Lakini hapa mbele, upande wa kulia, chuma kilipindaka, wakakinyoosha. Si zamani. Rangi ya chini bado mupya."

"Amesema haijawahi kugonga."

"Nimesikia."

Nilitaka kuondoka palepale. Baada ya dakika moja nikawa nataka kuliendesha. Mzee alisema tupige mwendo kidogo barabara ya Rumonge, naye atakuja nasi, kwa sababu gari lake analijua kuliko sisi. Mzee aliketi mbele, kushoto kwangu, na fundi nyuma ili asikilize sauti za chini.

Sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, lakini magari mengi yanayotoka Japani usukani wake nao uko kulia. Dereva anakaa upande wa mtaro. Akitaka kulipita lori, haoni kinachokuja mbele. Inabidi aliyekaa kushoto amwangalizie. Ni kazi ambayo kila abiria wa Bujumbura anaijua, hata mtoto.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Ziwa lilikuwa linang'aa upande wangu, gari linavuta bila kulalamika, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi mabega yangu yalishuka. Mzee alikuwa ananitajia barabara: hapa shimo, hapa kuna kona, hapa wanauza samaki. Shimo lilikuwa limeshazibwa. Wauza samaki hawakuwepo. Nilidhani anakumbushia tu mambo ya zamani.

Kisha tukakuta lori la mkaa linajikokota. Nilikaa nyuma yake, nikavumilia, nikashindwa.

"Muzee, naweza kupita?"

Aliinua kidevu kidogo. "Pita."

Nilikanyaga mafuta, nikatoka kushoto. Nusu ya gari ilikuwa imeshavuka mstari niliposikia fundi, yule mtu wa taratibu, akipiga kelele sikioni mwangu: "Apana, rudi, rudi!" Lori la mawese lilikuwa linakuja, taa zinawaka, honi imeshikiliwa. Nilirudi kulia kwa namna ambayo hata leo siwezi kuieleza. Upepo wa lile lori ulitutikisa. Nilikwenda mbele kidogo nikasimama kando, karibu na rundo la mawe ya kujengea.

Fundi alishuka, akaenda kusimama mbali, ametugeuzia mgongo. Mimi nikamgeukia mzee.

"Hukuliona?"

Alivua miwani. Macho yake yalikuwa mazuri, safi, hayana dosari yoyote ya kuonekana, na hayakunitazama. Yalitazama karibu na sikio langu.

"Naona kama mutu anayechungulia ndani ya mrija," alisema. "Na mrija wenyewe una ukungu. Daktari anasema ni presha ya macho. Kile kilichokwenda hakirudi."

"Na pale mbele?"

"Karavati ya pale kona, karibu na kwangu. Saa sita ya muchana. Nilimwambia mama nimekwepa mutu wa baiskeli." Mama ni mke wake. "Hajui. Watoto wako Ulaya, hawajui. Nilitaka kuuza kabla hawajajua."

Nilikuwa na hasira. Nilimwambia angetuua. Alisema ndiyo. Nilimwambia angalau angesema hajui, hajaona, nimuulize fundi. Alisema ndiyo tena. Kisha akasema, kwa sauti ya chini sana, kwamba mtu akimuuliza kama njia iko wazi, mdomo wake hujibu wenyewe, kwa sababu miaka yote ya maisha yake ilikuwa kazi yake kujua.

Nilirudisha gari Kibenga polepole, baiskeli zikitupita. Mkewe alikuwa amerudi kutoka sokoni, mama mfupi mchangamfu mwenye kitambaa kichwani. Alinikalisha, akanipa chai, akaniuliza gari nimelionaje. Nikasema ni zuri. Fundi alitazama kikombe chake.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zile za kutafuta gari. Fundi alikuwa ameshatoa hukumu yake: chuma kilinyooshwa na mtu anayejua kazi, mipira ya chini imechoka lakini ipo kwenye rafu, na gari bila kile chumba nisilichukue, pamoja na kile chumba nilichukue hata kesho. Upande wa gari, basi, mambo yalikuwa yamekwisha. Lakini nilikuwa nikitembea barabarani na kila kona naona mtaro. Nilipanga kumpigia mkewe, nikashika simu, nikaiweka. Ni nani mimi katika nyumba ya watu?

Jumatano baada ya vipindi nilirudi. Mke wa mzee alinifungulia, akafurahi, na katika maneno yake ya kawaida akasema kwamba kama bado sijaamua, hakuna shida, Jumapili mzee atampeleka misani kama siku zote.

Nilimkuta mzee kwenye chumba cha vipuri.

"Nitanunua," nilimwambia. "Lakini kwanza umwambie mama."

"Unanunua gari, ao unaninunua mi?"

"Muzee, Jumapili mtapita palepale kwenye karavati."

"Hiyo si neno lako."

"Basi nipe ufunguo ukae kwangu mpaka tumalizane."

Akaniambia, kwa heshima kabisa, kwamba gari haliuzwi tena, na akanisindikiza mpaka getini akiwa ameshika ukuta kwa mkono wa kushoto. Niliondoka mpaka kona. Nikarudi mpaka getini. Nikaondoka tena. Mlinzi wa jirani alinitazama kama mtu aliyepoteza kitu, na mimi mwenyewe nilijiona hivyo.

Ijumaa simu ililia nikiwa chumba cha walimu. Ni mama wa Kibenga. Alisema neno moja tu: "Kuja."

Niliwakuta wamekaa barazani, viti viwili vimekaribiana. Mzee hakuwa na miwani. Mama hakuniandalia chai.

"Ameniambia," alisema. "Na mi nikamwambia nilikuwa nimeshajua. Mutu unalala naye, utakosaje kujua? Kila Jumapili nilikaa pale kushoto nikimwambia, punguza, kuna mutoto, kata sasa, ngoja. Akanielewa, nikamwelewa, hatukusema. Niliona ndiyo heshima." Aligeuka akanitazama. "Lakini we ulikunywa chai yangu siku ile, ukajua umetoka kuponea kufa, ukaniambia gari ni nzuri. Mi ningekuwa we, ningesema."

Niliomba samahani, naye hakuniambia si kitu. Alisema tu, "Sasa mumalize habari ya gari."

Tukaimaliza, na fundi nikamwita kwa simu. Mzee alibeba makopo na maboksi yake mwenyewe kutoka chumbani hadi bandani, safari kwa safari, akihesabu hatua kwa midomo, na fundi akasimama kando bila kumsaidia, kwa sababu alielewa kwamba hakutakiwa. Kitambaa cha dashibodi mama alikitoa, akakikunja, akaingia nacho ndani.

Jumamosi iliyofuata nilipanda mlimani peke yangu. Sikuweka muziki. Nilisikiliza kila mlio, na jicho moja halikuondoka kwenye mshale wa joto la injini, ambao kwenye mwinuko wa Bugarama ulinyanyuka kidogo, ukakaa hapo, ukanitesa kilomita baada ya kilomita, ukashuka. Kwenye njia ya udongo mvua ilikuwa imechimba mfereji mpya. Nilisimama, nikashuka, nikaupima kwa mguu, nikarudi ndani. Gari liliinama upande mmoja kama litalala, kisha likatoka.

Mama yangu alikuwa tayari mlangoni, amevaa koti la marehemu baba, fimbo mkononi. Aliniuliza hili gari nimeazima kwa nani. Nilipomwambia ni langu, alilitazama kwa muda mrefu, akasema ni dogo lakini lina uso wa kueleweka. Kumpandisha kulichukua muda. Nyonga haikutaka kupinda, na nilimwinua kama ambavyo yeye aliwahi kuniinua. Alipotulia akajifunika kitenge magotini na kusema anasikia baridi.

Hapo nikakumbuka kwamba nilipobonyeza vitufe kule Kibenga, cha joto sikukijaribu. Nani Bujumbura anajaribu joto? Nilikizungusha. Kwanza ikatoka harufu ya vumbi, kisha hewa ya uvuguvugu, kisha joto kamili. Mama alinyoosha mikono yote miwili mbele ya kile kitundu. Kabla hatujafika kwenye lami alikuwa amelala, mdomo wazi, na mimi niliendelea kuangalia ule mshale mpaka tulipoingia mjini.